Shingo ya Yaya Toussaint

Mkubwa wangu Toussaint, kaka niliyemwita Yaya, alikuwa pilier, mchezaji wa mbele katika rugby à treize, raga ya watu kumi na tatu. Kazi yake ni kukamata mpira na kuingia nao katikati ya watu mpaka wamuangushe. Njia ikifunguka, wengine ndio wanakimbia kufunga. Miaka yote aliyochezea timu yetu ya Mulongwe hakufunga hata mara moja. Asubuhi alibeba mifuko kwenye bandari ya Kalundu, magharibi yuko mazoezini, kwenye mchanga pembeni ya ziwa. Watu walimchekelea.

"Toussaint, ule ni mpira ao ni papai?"

"Kuja uukamate, utajua."

Kocha Damien alisema Toussaint akikosa kuja, heri timu ilale nyumbani.

Kila baada ya mechi mama alimkanda. Maji ya moto, kitambaa, mawese, na vidole vyake. Kwetu mtu akigongwa anakandwa, hakuna wa kuuliza. Yaya alilia kama mtoto, mama anacheka: "Na unajiita mwanaume!"

Mwaka jana tulicheza na vijana wa Runingu. Mmoja wao, Itangishaka, alimuangusha, Yaya akaangukia kichwa. Yaya akasimama, akacheza mpaka mwisho. Akarudi kwa miguu, anashikilia kidevu. Mama alikuwa amekwisha chemsha maji. Akamkanda shingo, akaipinda huku, akaipinda kule. Nikasikia kitu kimelia ndani, kama kijiti.

"Mama, acha kwanza," Yaya akasema. Mikono yake ikaanguka kwenye mkeka. Haikuinuka tena, wala miguu.

Hospitalini daktari alingoja mama atoke kutafuta chai.

"Shingo ilikuwa imepasuka, lakini ingeweza kupona. Nani aliipinda?"

Yaya akatazama mlango. "Docteur, nakuomba. Mama asisikie hilo neno."

Mimi nilikuwa pale, nakunja nguo. Ninaandika hivi kwa sababu mama hasomi.

Mama akapata wa kuchukia. Aliamka na jina la Itangishaka, akalala nalo. Basi siku moja mwenyewe akaja, na kuku chini ya kwapa.

"Mama, nimekuja kuomba pardon."

Mama akakamata mwiko. "Muuaji! Rudisha kwanza miguu ya mutoto wangu!"

Itangishaka akapiga magoti. "Nipige, mama." Machozi yanamtoka, kuku anapiga kelele.

Yaya akaita toka kitandani: "Mama, umuache. Si yeye."

"Si yeye? Ni nani basi?"

Mimi nilitazama chini, nisije nikatazama vidole vya mama.

"Ni miye," Yaya akasema. "Niliingia na kichwa chini. Kocha alinikataza, sikusikia."

Itangishaka akainua uso, akataka kusema kitu, maana alijua Yaya aliingia vizuri. Yaya akamkazia macho. Itangishaka akainama tena.

Mwiko ukashuka. "Ni weye? Weye mwenyewe umejivunja, ukaniachia nikulishe kama mutoto mchanga?"

"Ni miye, mama."

Mama akakaa chini, akalia, akamtukana kwa jina la baba yetu na ubishi wake wote.

Sasa jirani wakiuliza, anajibu: "Ni kichwa chake kigumu." Anamwambia Yaya vilevile anapomlisha bugali na visamaki vya ndagala, tonge kwa tonge. Yaya anameza.

"Ndiyo, mama," anasema, halafu anafungua kinywa tena.