Dorice wa Shanwe na mlango ulioshikwa

Saa mbili asubuhi, Shanwe mjini Mpanda, mwaka 1999. Jenereta inanguruma nyuma ya ukumbi wa mafunzo. Ndani, Dorice Nkwabi, fundi wa kompyuta wa ukumbi, anafuta vumbi kwenye kompyuta inayotunza mwongozo wa wakunga wa vijijini. Kompyuta nyingine mbili, zilizounganishwa nayo kwa waya, huusoma kutoka hapo.

Leo roho yake iko juu. Mratibu wa mafunzo, Apolinari, amesema mwongozo ukigoma tena, mashine zote zinarudi Sumbawanga zilikotoka.

Unagoma. Skrini inasema mlango namba 8080, njia ambayo mwongozo hupitia kuwafikia wasomaji, umeshikwa.

"Jamani, hata punda wangu kule kijijini Kibaoni hana kiburi hivi!" anasema mkunga Monika, aliyelala juu ya lori la mpunga ili afike kusoma.

"Dada Monika, nani ameuwasha?"

"Si mimi! Nimebonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Mara ya tatu ndiyo mashine ikanijibu ovyo."

Dorice anacheka. Wageni wengi, anasema, hubonyeza mara tatu kama wapigavyo hodi kwa jirani. Lakini mashine hii ni nzito kuamka. Bonyezo la kwanza huwasha seva, programu inayougawa mwongozo, nayo hukaa mlangoni. La pili na la tatu hukuta mlango una mwenyewe.

"Wengine hukimbilia kuzima kila kitu," anaeleza. "Mimi nauliza kwanza, aliyeko ndani ni nani? Akiwa wetu, tunasoma. Ikiwa ni programu nyingine yenye kazi yake, siifukuzi. Mwongozo nauhamishia mlango 8081, nawatangazia wasomaji."

Zamani Dorice alifua mashuka ya wanafunzi hapahapa. Aliyemfundisha ni Libérat, fundi kutoka Burundi. "Alikuwa ananifichia kipanya mpaka nimalize kusoma kila neno la kwenye skrini. Nilimchukia, nyie!"

Anakagua aliyeko mlangoni: ni seva yao wenyewe. Anafunga madirisha mawili ya makosa, anafungua ukurasa. Sura ya kutokwa damu baada ya kujifungua inatokea. Monika anasoma huku midomo ikicheza.

Apolinari anaingia na maboksi ya kufungia mashine.

"Yarudishe, shemeji," anasema Dorice, kidevu juu.

Mratibu anatazama skrini, kisha maboksi. "Haya. Nitayafugia vifaranga."

Sasa Dorice anaomba kompyuta moja ya kutumia umeme wa jua, iwekwe Kibaoni.

"Nitaiunganisha mwenyewe," anasema. "Mkunga asimwache mzazi na uchungu, akapande lori kuja kusoma ukurasa mmoja."