Afukuzwa kambini kwa "kumwaga mlima"

Jua halijaushika vizuri mlima Elgon, na huku juu ya Kaptama Edah Nabwile ameketi kwenye kigoda nje ya jiko. Mguu mmoja una kiatu cha kukimbilia, mwingine uko peku. Bintiye wa miezi saba, Rahab, ananyonya bila haraka.

"Nyonya tu, mama," anamwambia. "Hapa hakuna zipu."

Linah Chesang, mwenye boma, anacheka hadi chai inamwagika. Kisha anampokea mtoto, na Edah anateremka mbio kuelekea Kimilili. Akirudi atakunywa uji, aingie shambani kwa Linah kuvuna viazi kwa shilingi mia nne kwa siku.

Miezi miwili iliyopita, mwanariadha huyu wa Ndalu alikuwa katika kambi moja mjini Bungoma, akijiandaa kwa mbio za kilomita kumi za Kitale. Wanawake watatu wa kwanza watachukuliwa na klabu inayolipa mshahara. Edah, anayemlea Rahab peke yake, hajawahi kuona mshahara.

Kitale iko juu kuliko Bungoma, na hewa yake humkaba anayetoka chini. Kocha wa kambi, Sifuna, akaleta dawa: hema la plastiki lenye mashine ya kupunguza oksijeni. Mkimbiaji hulala ndani ili mwili udhani uko mlimani, uongeze damu ya kubebea hewa. Wapo wanaoapa kwamba linasaidia. Sawa. Ila ukisimama mlangoni pa kambi hiyo siku isiyo na mawingu, mlima wenyewe unauona. Nao hautumii stima.

Amri ilikuwa moja: zipu ikifungwa jioni, haifunguliwi hadi asubuhi. Rahab alilazwa chumba cha pili na Linah, wakati huo mpishi wa kambi.

"Ushawahi kusikia mtoto wako akililia titi na wewe umefungwa kwa plastiki kama mkate?" Edah anauliza, sauti ikipanda. "Maziwa yanalowesha fulana! Nilivumilia mara mbili. Ya tatu nikafungua, nikanyonyesha, nikarudi ndani."

Asubuhi kocha alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Umemwaga mlima!" alifoka. "Umemwaga mlima wa watu!" Yaani, kwa kufungua zipu, aliitoa hewa ile ya mlimani iliyotengenezwa na mashine.

Kambi nzima ikaangua kicheko. Jina likazaliwa hapo hapo: Mama Zipu.

"Nikamwambia, kocha, mtoto alikuwa na njaa. Ati, 'Si ungemwachisha?' Mtoto wa miezi mitano, bana! Na wale waliocheka, wengine wameacha watoto wao kwa nyanya zao. Hema halina makosa. Mimi nilikuwa wa pili kambini. Wa pili! Angenipa nafasi ya kunyonyesha, ningerudi nilale."

Linah alikuwa jikoni akisonga ugali aliposikia Edah ameambiwa aondoke.

"Niliacha mwiko ndani ya sufuria," anasema. "Nikamwambia, 'Kocha, songa mwenyewe.' Nikamgeukia huyu: Mama Rahab, twende kwetu. Kule tunalala mlimani bure, na mlango tunafungua tukitaka."

Alipopigiwa simu, Sifuna hakurudi nyuma. "Kanuni ni kanuni. Hema halijui mama wala baba."

Na yeye je, amewahi kulala humo hata usiku mmoja?

"Mimi si mwanariadha," alisema, na simu ikakatika.

Sasa Edah hulala juu na kufanya mazoezi chini, jambo lile lile ambalo hema lilinunuliwa kuigiza. Amejiandikisha mwenyewe kwa mbio za Kitale mwezi ujao. Timu ya kambi itakuwepo, na Sifuna pia.

Mpango wake ameshaupanga, na anapoueleza hacheki.

"Linah atakuja na mtoto. Nitaketi pale pale kwenye mstari wa kuanzia, nimnyonyeshe Rahab ashibe, kocha akiangalia. Bunduki ikilia, nampa Linah mtoto. Wao waniite Mama Zipu wakiwa nyuma yangu."