Kumbikumbi wa Manyoya

Baba yangu hakuwahi kuniruhusu nishike fimbo yake ya kuvulia samaki. Alifanya kazi miaka mingi huko mlimani, kwenye mito ya maji baridi, akiwabebea wageni mizigo na kuwaonyesha mahali samaki aina ya trauti wamejificha. Aliporudi kwetu Kakamega alikuja na ile fimbo, kijisanduku cha ndoana, na ujuzi ambao hakuna jirani aliyeuhitaji: kufunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana hadi samaki adhani ni mdudu. Trauti huku hawako. Kuna fwani, samaki wa mtoni mwenye magamba makubwa na hasira, na huyo ndiye Baba aliyemfuata kwenye korongo chini ya shamba letu, mahali kijito kinapita katikati ya miamba na kiangazi kikizidi yanabaki madimbwi tu.

Kisha sukari ikamla macho. Akaacha kutoka nje. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, redio imezimwa, chakula akikigusagusa na kukirudisha. Mama akanipigia simu Butali nilikoolewa, akasema, "Njoo umwone baba yako, ameamua kuisha." Nilikasirika njia nzima. Mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyo.

Nilifika siku ya kumbikumbi. Mvua ndogo ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, na mchana huo Mama alikuwa kwenye kichuguu nyuma ya jikoni, amekifunika kwa matawi na blanketi kuukuu, anagonga ardhi kwa vijiti viwili. Ndivyo tunavyowatoa. Wakisikia ule mdundo wanadhani mvua imerudi, wanapanda juu wenyewe na kutumbukia kwenye shimo lililochimbwa kando. Baba alikuwa akisikiliza kutoka ndani.

"Wametoka?" akaniuliza, hata salamu hajaijibu.

"Wametoka. Wa vichuguu vingine wanaruka kuelekea korongoni."

"Basi fwani wanakula sasa hivi," alisema. Mkono wake ulikuwa umeanza kwenda mbele na nyuma juu ya kiti, kama anayerusha kamba.

Nikamwambia tunaenda. Akasema nisimfanyie mchezo wa watoto. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto, nina wangu, na sikulipa nauli kuja kutazama mzee amewekwa kama gunia la mahindi. Huko nje Mama aliacha kugonga. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwongelesha Baba hivyo. Baba akanyoosha mkono.

"Nipe fimbo. Si hiyo ya kutembelea. Ile nyingine."

Tulishuka polepole, yeye ameshika bega langu. Nilitaka kitu kimoja tu: anase samaki mmoja, ajue bado yuko. Nilimwomba Mungu kwa maneno hayo hayo.

Tulipofika kwenye jabali juu ya dimbwi, alipapasa kijisanduku, akamtoa kumbikumbi wa manyoya aliyemtengeneza macho yakiwa mazima. Akarusha. Mkono haukuwa umesahau chochote. Kamba ilinyooka, mdudu akatua majini taratibu. Kazi yangu ilikuwa kuona. Samaki akimeza niseme "sasa", naye avute.

Nilisema mapema. Nilisema kwa kuchelewa. Maji yaling'aa, kumbikumbi wa kweli walitapakaa kote, wetu mmoja katikati yao, na fwani wakiibuka kila upande, chubwi, chubwi.

"Unaona lakini huangalii, mama," alisema. Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Na wewe unavuta kama mtu anang'oa muhogo."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu macho yaende, na moyo wangu uliuma kwa furaha.

Mara moja tu alimpata mmoja. Fimbo ilipinda, uso wake wote ukabadilika, kisha kamba ikalegea. Akaikagua ndoana kwa kidole gumba, akarusha tena.

Jua lilishuka nyuma ya miwa ya ng'ambo. Kumbikumbi wakaisha angani, mabawa yao yakabaki yakielea, na maji yakatulia. Hakuna samaki aliyeibuka tena. Nilijua nikimwambia, tutapanda nyumbani na atarudi kwenye kile kiti, na sikuwa na uhakika ningeweza kumtoa mara ya pili.

"Bado wanakula?" akauliza.

"Wanakula. Kuna mkubwa hapo karibu na mwamba. Amemkosa wako kidogo tu."

Akarusha pale niliposema. Nikamwelekeza, kushoto kidogo, mbele kidogo, nikimsimulia samaki ambaye hakuwepo, na machozi yakinitoka bila sauti. Huko juu Mama alikuwa ameanza tena kugonga kichuguu. Baba alisikiliza ule mdundo kwa muda.

"Fwani waliacha kula kitambo," alisema. "Nilisikia walipoacha."

Akavuta kamba, akaipanga mkononi bila haraka, akarusha tena, vizuri kabisa.

"Sasa yule mkubwa," akasema, "ameelekea wapi?"