Siku Shangazi Aliponiita kwa Jina

Shangazi yangu Siasi hakuwahi kuniita kwa jina. Nilipozaliwa nilipewa jina la bibi, mama yake, aliyekuwa amefariki majira yale ya baridi. Tangu hapo, kwa desturi yetu, mimi ni mama yake. Akinikuta nimelala asubuhi ya shule hunivuta blanketi: "Mama, ulinizaa ili nikupikie chai?"

Kijijini kwetu Nunavik, kaskazini kabisa mwa Kanada, hakuna anayeparua ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, kama yeye, na huparua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ni dhaifu tangu utotoni. Mkono huo na kifafa chake vina chanzo kimoja. Mwaka huu kifafa kilimwangusha juu ya barafu, kisu mkononi, karibu kabisa na maji. Tukapanda ndege kwenda hospitali ya kusini.

Daktari alinionyesha picha ya ubongo wake. Nilimwuliza maswali hadi akatafuta kiti. Upande wa kulia mikunjo ilikuwa mipana. Kushoto, upande unaoongoza mkono wa kulia, ilikuwa midogo midogo, imesongamana, kama ngozi iliyokauka bila kuwambwa. Alizaliwa hivyo.

"Ubongo ni mjanja," daktari alisema. "Upande mmoja ukiharibika, mwingine hujifunza kazi zake. Nadhani hata kusema kumehamia kulia."

Kama ni kweli, wangekata pale pabovu na kifafa kingeisha. Kama si kweli, angeamka bubu. Kwa hiyo wangeulaza kwanza upande wa kushoto kwa dawa, kwa dakika chache tu, wamsikilize.

"Msije mkaulaza ubongo wote," shangazi akatania. "Mtamsikiliza nani?"

Dawa ikaingia. Mkono wake wa kulia ukaanguka kama glavu tupu. Daktari akamwonyesha vitu avitaje kwa Kiingereza, lugha ambayo shangazi alijifunza shuleni. "Kikombe," akajibu. "Ufunguo." Kisha daktari akaninyooshea kidole: "Na huyu?"

"Lisi," akasema shangazi.

Wauguzi wakatabasamu. Ndilo jina langu, lakini kinywani mwake sikuwahi kulisikia. Nikamwinamia, nikamwuliza kwa lugha yetu: "Shangazi, mimi ni nani wako?"

Midomo ikafunguka, ikafungika. Alinitazama kama mtu aliyekutana naye uwanja wa ndege.

Nikamweleza daktari kwamba kwa lugha yetu huniita mama. Tabasamu likamfutika. "Basi si yote yaliyohama," alisema. Kiingereza kilikuwa kimepata makao mapya. Lugha ya kwetu ilibaki mle mle kwenye mikunjo mibovu, jirani na kifafa.

Dawa ilipokwisha na mkono kupata nguvu, shangazi akanigusa shavu. "Mama, mbona unalia? Nimekufa?"

Nikamwambia yote. Akakisukuma kikombe cha chai kando. "Nipelekeni nyumbani. Afadhali nianguke nikikujua."

Sasa barafu imeanza kulia na kupasuka mapema. Jana shangazi aliinama juu ya tundu akivua, nami nimeshika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Alikuwa akinicheka kwamba namfuga kama mbwa. Ghafla akanyamaza.

"Shangazi?"

Mshipi ulicheza, samaki alikuwa amenasa. Mkono wake haukuuvuta. Nikaizungusha kamba kwenye kiganja, nikakita visigino barafuni, nikaita tena, nikilisubiri lile neno moja: "Mama."