Kuku Aliyepiga Maji

Mke wangu alikaa muda mrefu bila kula kuku wa nyumba yetu, na sababu ni mkono wangu. Aliwanyonyoa, akawapika, akawapakulia watu, kisha yeye akajitengea maharagwe. Wageni walidhani ni tumbo.

Nilianza kufuga kuku wa nyama hapa Garissa nilipostaafu kazi ya ofisi. Kaka yangu, ambaye bado ana ngamia kule Ijara, alikuja kuwatazama. "Walaal, ndugu yangu," akasema, "zizi lako lina kelele nyingi na maziwa hakuna." Nilicheka naye, lakini neno hilo liliniuma.

Kilichotuchosha ni siku ya kuchinja. Tulichinja mmoja mmoja, chini. Kuku alirukaruka mpaka akatulia, akajaa vumbi, pengine akavunja bawa, na mke wangu akawa na kazi ya kumwosha kabla hata ya kumnyonyoa. Basi nikachukua mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia, nikaikata vitako, nikapanua midomo na kuipigilia kwenye gogo la mgunga, midomo ikitazama chini, kwenye upande wa gogo unaoelekea kibla. Kuku anaingizwa humo, kichwa kinatokea chini, mabawa yamebanwa. Unataja jina la Mungu, unakata, unamfuata mwingine. Kando niliweka pipa la maji ya moto, kisha meza. Ilikuwa kazi safi, nami nilijivunia kama niliyechimba kisima.

Siku wakwe walipokuja kumposa binti yetu, tulitaka chakula kiwe tayari watu wakitoka sala ya Ijumaa. Kaka yangu aliketi kwenye kiti cha plastiki akinitazama, nami nikazidisha kasi kwa ajili yake. Zamani, kuku akiwa chini, miguu yake ndiyo ilitwambia kwamba amekata roho. Sasa mtungi ulimbana, akaonekana ametulia upesi, nami sikujiuliza. Nilimchomoa mmoja, nikamtumbukiza pipani. Akapiga maji. Yakamrukia mke wangu mkononi.

Hakulia. Alimtazama kuku, kisha akanitazama mimi. "Huyu alikuwa hai."

"Ni mishipa tu."

"Mishipa haifumbui macho, mzee."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba wageni wako njiani, na kwamba hakuna aliyeona.

"Wewe umeona," akasema. "Na hawa waliotangulia, uliwangoja?"

Angekuwa mke mwingine angenyamaza. Yeye aliwakusanya kuku wote waliokuwa mezani, akawapeleka nje ya ua, akawaachia makorongo wanaozunguka machinjioni. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kwenye maji. Nilimwita mharibifu mbele ya kaka yangu, mkono wake ukiwa bado mwekundu, ilhali alikuwa anazuia nyamafu, nyama ya kuku aliyekufa kwa maji na si kwa kisu, isiingie vinywani mwa watu walionipa imani yao. Mlaji haoni kisu, humwamini mchinjaji.

Wakwe walikula wali na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli, ambayo kaka yangu aliileta kama zawadi. "Ngamia amemsitiri kuku leo," akaninong'oneza akipitisha sinia. Hakulisema tena, nami namshukuru kwa hilo.

Mitungi sikuing'oa. Niliacha tu kukimbia. Nikishakata, nachochea moto, nanoa kisu, nateka maji ya kuoshea, kisha narudi kwa yule wa kwanza na kumgusa jicho kwa kidole. Likipepesa, nangoja. Kuku aliyeachwa mpaka damu ikaisha hunyonyoka kwa urahisi, ngozi haichaniki, kwa hiyo muda niliodhani naupoteza hunirudia mezani. Hayo ningeyajua mapema kama ningemwuliza aliyekuwa akinyonyoa.

Nilimwomba radhi mke wangu. Alisema amesamehe, lakini sahani yake ikabaki na maharagwe. Basi kila ninapochinja nikawa namwita aje aguse jicho mwenyewe. Alikuja kila mara, akagusa, akaondoka.

Ijumaa iliyopita nilimwita kama kawaida. Akajibu kutoka jikoni, "Nina unga mikononi. Gusa wewe."

Nikagusa. Nikangoja, nikagusa tena.

Mchana alipakua. Mbele yake aliweka shingo, pale kisu kilipopita, akaila polepole hadi mfupa. Mimi nilijifanya natafuta chumvi.