Mkono wa Kushoto wa Sweta

Hapana, sikukosea vipimo. Mikono ya sweta ile haikulingana kwa sababu mikono ya haboba wangu hailingani, basi. Wa kulia mzima. Wa kushoto, tangu apooze, umejikunja kwenye kiwiko na ngumi imefunga, haifunguki. Sasa mtu mwenye akili zake anafumaje mikono sawa kwa mwili kama huo? Huku kwetu Namuwongo watu bado wanasimulia kwamba nilimwaibisha bibi yangu siku ya harusi ya mjukuu wake. Wasimulie. Mimi nilikuwa ndani ya chumba chake, wao walikuwa nje wanangoja pilau.

Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Ndiye aliyenilea. Alipopooza, mguu kuburuzika hakuujali sana. Kilichomkata ni kuvalishwa. Kila asubuhi mtu amwinue mkono, amsukumie nguo kama anamvika mtoto mchanga. Akaacha kutoka. Wanawake wenzake wakija kumwita kwenye shughuli, anawajibu kutoka kitandani, "Siku nikivaa mwenyewe, nitakuja mwenyewe."

Ndipo binti wa shangazi yangu akapata mchumba. Na katika familia yetu, bibi harusi hatoki kabla bibi yake hajampaka mafuta ya manukato kwa mkono wake, uani, mbele ya wanawake. Haboba ameshawapaka mabinti wa nusu ya mtaa. Huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza kuolewa, na yeye yuko chini ya blanketi.

Nikamwambia, "Haboba, nitakufumia sweta utakayovaa mwenyewe."

"Wewe? Wewe unayeshona kifungo huku unatukana?"

"Nitafuma huku natukana. Itakaa tu."

Kufuma sikufundishwa na mtu. Nilijifunzia kwenye simu, kwa mwanamke mmoja anayeongea Kiingereza mbio kama anafukuzwa. Nikamzima sauti, nikawa naangalia vidole vyake tu. Sweta aliyokuwa akifuma haina mshono hata mmoja. Unaanzia shingoni, unaongeza vitanzi kwenye mistari minne inayoshuka mabegani, inapanuka mpaka kwapani. Hapo vitanzi vya mikono unavitunga kwenye uzi mwingine vikungoje, unashuka na kiwiliwili. Halafu unarudi, unafuma kila mkono kivyake. Mbele iko wazi, ya vifungo, kwa hiyo haipiti kichwani. Na uzuri wake, mtu anaivaa ikiwa bado inafumwa. Hukisii. Unamvika, unaangalia, unaendelea au unafumua.

Shangazi yangu huyo, binti wa haboba, ana duka la sweta za shule Kamwokya. Yeye hufuma kwa mashine: mbele, nyuma, mikono miwili, anashona. Kabla ya kushona hulaza mkono mmoja juu ya mwenzake, akiona umezidi hata kidogo, anamrudishia msichana aliyeufuma na matusi juu. Alipokuja akanikuta na shingo ya sweta mapajani, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Banange! Nyumba inaanza na paa?"

"Na tabaga inaanzia wapi, shangazi?"

Haboba akacheka upande mmoja wa mdomo, maana tabaga, yale makawa yetu ya rangi ya kufunikia chakula, ameyasuka maisha yake yote. Yanaanzia katikati juu, yanazunguka yakipanuka mpaka ukingoni, na mshono huoni.

"Mwache," akasema. "Ameanzia kwenye kitovu. Anajua anakoenda."

Mkono wa kushoto tuliufuma wawili, ndivyo ninavyosema siku zote. Mimi nashika sindano, yeye anautoa ule mkono kwenye leso anayojifunika. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuuona. Nauvisha, unanasa kwenye ngumi, nafumua, napanua. Mwisho ukawa mpana kama mfuko, mdomo wake uko wazi. Anaanza na mkono mgonjwa, anavuta kwa mkono mzima, anazungusha mgongoni, basi. Siku alipoweza bila mimi kugusa, alikaa kitandani akajitazama. "Leo sijavalishwa," akasema. Akaniambia nimpelekee maji ya kunywa nje, uani, na akanywea huko, majirani wakimwona.

Vikabaki vifungo. Shangazi ana vifungo vizuri na anavikaza visitoke, kwa hiyo nikampa sweta aende nayo. Asubuhi ya harusi akairudisha imekunjwa, imepigwa pasi, vifungo vinang'aa. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru!

Uani wanawake wameshaanza vigelegele. Haboba akaniambia nifunge mlango. Akaanza na mkono mgonjwa, kama tulivyozoea. Ngumi ikaingia kidogo, ikakwama. Akavuta. Akavuta kwa meno. Nikaichukua sweta, nikaigeuza ndani nje, na hapo nikauona: mshono, kutoka kwapani hadi mwisho wa mkono. Shangazi alikuwa ameupitisha kwenye ile mashine inayokata na kushona kwa pamoja. Upana wote ulikatwa, uzi vipande vipande. Hakuna cha kufumua. Mikono ililingana kabisa, kama ya mtoto wa shule.

Shangazi akasukuma mlango, akaingia na manukato yake. "Mama, tunakungoja. Umeona? Nilirekebisha. Huyu mtoto alikosea, mmoja gunia mmoja mkono."

"Ulimuuliza haboba?" nikasema.

"Nafuma sweta tangu wewe hujazaliwa."

"Ulimuuliza, shangazi?"

"Wakwe wako hapo nje, punguza sauti!"

Sikupunguza. Nilisema mengi, na wakwe waliyasikia yote. Alipotoka nikapiga magoti mbele ya haboba. "Nikuvalishe gauni la gomesi, nikufunge leso juu, tutoke. Leo tu."

Akanitazama. "Hata wewe?"

Kisha akaurudisha mkono chini ya blanketi. "Waambie waende. Mtoto asicheleweshwe."

Shangazi ndiye aliyempaka bibi harusi mafuta.

Sasa wazee wa ukoo wanataka nikaombe msamaha. Eti shangazi alikuwa na nia njema, eti hakujua. Hakujua! Mkono wa mama yake mzazi. Niliwaambia kama nia njema ingekuwa nguo, haboba angekuwa ameshavaa.

Sweta ninayo. Nimeutoa mkono ule wote, nimeokota vitanzi kwapani, nimevitunga kwenye uzi mwekundu, vinangoja. Uzi wa rangi ileile nimeupata Wandegeya. Naweza kuufuma upya hata kesho. Lakini sweta ya namna hii inafumwa juu ya mwili, na haboba hautoi tena ule mkono. Nikimsogelea na sindano, anaukaza chini ya leso. "Acha, binti yangu. Siku hizi hakuna baridi." Mvua inapiga bati, ananiambia hakuna baridi.

Kukisia siwezi. Kwenda Kamwokya kupiga magoti siendi. Nimekaa na sweta ya mkono mmoja.

Na wewe unayesema nilikosea vipimo, ule mkono uliushika lini?