Bwawa la Kukaa Tupu

Mjomba wangu Sadalla alizaliwa mtaa wa Gerezani, akafanya kazi Gerezani, na nilipopata akili ya kumtazama alikuwa ameshachoka. Sisemi alikuwa mvivu. Alikuwa fundi wa mabomba na vali katika karakana ya idara ya maji kwa miaka ishirini na minane, na alichokifunga yeye kilifunga kweli. Lakini jioni akirudi nyumbani kwetu, Mtaa wa Swahili, alikuwa anakaa barazani, anavua viatu, anavitazama kwa muda, halafu anamwambia mkewe, "Siwema, leo usiniulize kitu."

Bi Siwema alikuwa hamuulizi. Mimi ndiye niliyekuwa namuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nauza katika duka la ushirika ambalo mwaka huo wa 1975 lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, na mtu anayeshinda akiwaambia watu "hakuna" hurudi nyumbani na maneno mengi yaliyobaki. Ndiyo maana habari za bwawa la Kitongamo nilizijua tangu mwanzo.

Kitongamo kilikuwa kijiji cha Ujamaa nyuma ya vilima vya Kisarawe. Watu walihamishiwa huko mwaka mmoja kabla, wakapangiwa nyumba mistari minne bondeni, kando ya kijito cha Nyamwiti, na aliyepanga hakumuuliza mtu yeyote kijito hicho hufanya nini masika. Masika ya kwanza kiliingia vyumbani. Idara ikaamua lijengwe tuta la udongo juu ya kijiji. Wanakijiji wakabeba udongo kwa karai miezi saba, wakaushindilia kwa magogo, na mjomba akalaza bomba chini ya tuta na kufunga vali yenye usukani.

Kazi ya bwawa hilo ilikuwa moja tu, kukaa tupu. Mvua kubwa ikija, maji yaingie humo badala ya kukimbilia kwenye nyumba, halafu yatoke polepole kwa bomba. Vali ilitakiwa iwe wazi siku zote. Sasa mwambie mtu aliyebeba udongo kichwani miezi saba kwamba bwawa lake ni zuri likiwa halina kitu. Akikuelewa, niletee nimwone.

Mwezi wa Novemba ilikuja habari kwamba mgeni rasmi kutoka mkoani atalizindua bwawa siku ya Uhuru. Mkuu wa mjomba, Ndugu Melkiori, mtu wa Machame, mpole sana, aliyekuwa akiogopa simu kuliko watu wengine wanavyoogopa nyoka, alimwita ofisini kwake Posta. Alimwagiza aende akafunge vali ili mvua za vuli zijaze bwawa.

"Mfereji wa pembeni bado haujajengwa, ndugu," mjomba alimwambia. "Saruji haijafika. Likijaa, maji ya ziada hayana pa kupitia isipokuwa juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa juu linakatika."

"Wiki tatu tu, Sadalla. Mgeni rasmi hawezi kuzindua shimo. Akiondoka, unafungua."

Mjomba akaenda, akafunga. Jioni aliporudi alinieleza bila kunitazama usoni.

Siku ya Uhuru ilifika, mgeni hakufika. Ziara iliahirishwa wiki moja, ikaahirishwa tena, halafu tukaambiwa tarehe itatangazwa. Mvua hazikuahirishwa. Kila siku wakati wa chakula mjomba alitembea kutoka Gerezani mpaka Posta kuomba barua ya kufungua vali, na kila siku aliambiwa apite kesho. Alikuwa na goti bovu. Nilimwambia, "Mjomba, si uache tu? Wao ndio wakubwa." Akanijibu kwamba wakubwa hawalali Kitongamo.

Jumamosi ya tarehe ishirini mvua ilinyesha Kariakoo mpaka maji yakasimama vibarazani. Bi Siwema alikuwa anayachota kwa kopo, mjomba akiwa amesimama mlangoni. "Kesho nakwenda," alisema. Bi Siwema akaacha kuchota. "Na barua?" Mjomba akavitoa viatu vyake vya kazi chini ya kiti. Bi Siwema akanigeukia mimi: "Sitara, utamsindikiza. Goti lake halifai."

Asubuhi tukapanda basi la Maneromango, tukashuka njiani, tukatembea saa mbili kwenye utelezi. Nilinung'unika njia nzima, nakiri. Tukafika bwawani. Maji yalikuwa yamejaa, yamebakiza kama mkono mmoja kufika juu, na yalikuwa mazuri, sitadanganya. Ukingoni walikuwa wamefunga mtumbwi mpya wa kumtembeza mgeni. Kina mama walikuwa chini ya mti wanafanya mazoezi ya ngoma, wakiongozwa na mwanamke mrefu aitwaye Kuruthumu, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya tuta.

Mjomba hakuyatazama maji. Aliteremka upande wa pili, chini ya tuta, akachuchumaa kwa shida. Palikuwa pametoboka mahali pa kuingiza kidole na maji yalikuwa yanatoka. Akakinga kiganja, akanionyesha. Yalikuwa mekundu.

"Yangekuwa meupe ningekwenda kunywa chai," alisema. "Haya yanatoka na udongo. Tuta linaliwa kwa ndani."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbaruku, alikuwa ameshatufikia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwa mjomba. Alikuwa na habari njema: mgeni rasmi anakuja Jumanne bila shaka yoyote, pamoja na debe la vifaranga wa samaki wa kumwaga bwawani.

"Siku mbili tu, fundi," alisema. "Watu hawa wamebeba udongo. Wanataka waonekane."

"Siku mbili ni nyingi, mzee."

"Una barua?"

Mjomba Sadalla, ambaye hajawahi kunidanganya hata bei ya nyanya, alifuta kiganja chake kwenye suruali. "Barua iko njiani," alisema. "Maelekezo ninayo."

Akaenda kwenye vali, akazungusha usukani mpaka jasho likamtoka, na maji yakaanza kunguruma kwenye bomba. Ngoma ilikatika. Kuruthumu alikuja mpaka ukingoni, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kaka, umelimwaga jasho letu mtoni." Mjomba akamwomba radhi. Nilitamani kumjibu yule mama. Mjomba alinishika mkono kwa nguvu nikaacha.

Maji yalitoka mchana na usiku. Sisi tulibaki, kwa sababu Mzee Mbaruku alitaka mjomba awepo barua itakapofika. Jumanne mgeni akaja na magari matatu. Alikuta tope, vyura, na mtumbwi umelala ubavu. Alihutubia hivyo hivyo. Vifaranga wa samaki waliletwa kwa heshima zote na kumwagwa kwenye dimbwi lisilofika kwenye vifundo vya miguu, na watu wakapiga makofi, maana ratiba ilisema makofi. Kisha mgeni akauliza ni nani aliyefungua maji na kwa barua ya nani. Magari yalipoondoka mjomba aliwekwa katika ofisi ya kijiji, mgambo mmoja mlangoni, asubiri maelekezo. Nilikaa naye. Nililia kwa hasira, naye akaniambia nisimwongezee uchovu.

Jumatano asubuhi ilianza mvua ambayo sijapata kuiona tena. Ilipiga mpaka alasiri. Yule mgambo aliingia ndani akaketi nasi kwa sababu nje hapakuwa na pa kusimama. Mjomba alikaa dirishani akitazama upande wa tuta, na midomo yake ilikuwa inahesabu sijui nini.

Ilipokatika tulitoka sote. Nyamwiti ilikuwa imeshuka kutoka vilimani na miti mizima, na yote hayo yaliingia bwawani yakatulia. Maji yalikuwa yamefika zaidi kidogo ya nusu ya tuta. Chini, nyumba zote za mistari minne zilikuwa zinatoa moshi wa chakula. Mzee Mbaruku alitazama maji, akatazama sehemu ya juu iliyobaki kavu.

"Umeona?" alimwambia mjomba. "Mvua yote hiyo, na hata halikujaa. Lingekatika nini?"

Mjomba alikuwa akiitazama vali. Nafikiri alitaka kumwambia kwamba nusu hiyo ilipata mahali kwa sababu mahali palikuwa tupu. Nikamwambia mimi, kwa ukali, mbele za watu, na wakanitazama kwa huruma jinsi unavyomtazama mtoto anayemtetea mzazi wake.

Tuliruhusiwa kurudi mjini, na shauri lake lilisikilizwa Posta mwezi wa Januari, na watu watatu nisiowajua, pamoja na Ndugu Melkiori ambaye alitazama meza tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa kwenye korido. Mlango waliuacha wazi kwa ajili ya joto. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshapigwa chapa. Niliiona kwa karani nilipokuwa naingia.

"Kuna nyumba iliyobomoka Kitongamo?" aliuliza mwenyekiti wa kikao.

"Hakuna, ndugu."

"Kuna mtu aliyekufa maji?"

"Hakuna."

"Shamba lililozama?"

"Hakuna, ndugu."

"Basi, Ndugu Sadalla, ulifungua vali bila barua kwa ajili gani?"

Mjomba alinyoosha goti lake bovu. Alikuwa amevaa shati lake la Idi, Bi Siwema alilipiga pasi mara mbili.

"Kwa ajili hiyo," alisema.

Karani alisimamisha kalamu, akauliza aandike nini.

"Andika," mwenyekiti akamwambia, "hakuwa na utetezi."